Fundi Anajibu: LED Zote Mbili Zinawaka, Hazitaki Kupokezana

SWALI: Fundi, shikamoo. Ndiyo kwanza naanza kujifunza elektroniki. Nimeunga osileta (saketi inayopepesa yenyewe) ya transista mbili kwenye bredibodi, ule ubao wa matundu wa kuungia vipuri bila kulehemu: BC547 mbili, LED mbili kila moja na rezista ya omu 470, rezista mbili za kiloomu 47 kwenye beisi (mguu unaoiamuru transista), na kapasita mbili za mikrofaradi 10 nilizozing'oa kwenye redio mbovu. Betri ni volti 6. LED zilitakiwa zipokezane, hii ikiwaka ile izime, lakini zote zinawaka vizuri tu, kimya. Nimebadilisha transista, nikabadilisha tena, wapi! Multimita inasoma volti 0.7 kwenye beisi zote mbili na volti 0.2 kwenye kolekta (mguu unaopokea mkondo) zote mbili. Nimekosea wapi?
– Mwanafunzi wa Waya

JIBU: Marahaba. Kwanza, acha kung'oa transista. Vipimo ulivyovitaja mwishoni, kana kwamba havina uzito, ndivyo vilivyobeba jibu lako.

Beisi ikiwa na 0.7 na kolekta ikashuka hadi 0.2, ujue transista hiyo inapitisha mkondo kadiri inavyotakiwa. Zako zote mbili zinapitisha. Ungekuwa umeigeuza moja, kolekta ikakaa mahali pa emita (mguu wa kutolea mkondo), LED yake ingefifia, maana transista iliyogeuzwa hukuza mkondo kidogo mno. Wewe unasema zinawaka vizuri. Basi transista hazina kosa, rezista zinapitisha, betri ipo. Kitu pekee kilichobaki ni kapasita.

Nilijiuliza pia kama saketi imeganda kweli, au inakimbia kuliko jicho. Wapo wanaochukua kapasita yenye namba 104, ambayo ni mikrofaradi 0.1, wakidhani ni 10. Osileta hiyo itapepesa mara 150 hivi kwa sekunde, na jicho litaona taa zinazowaka mfululizo. Lakini hapo multimita isingekupa 0.2 kwenye kolekta. Ingekupa wastani wa kuwaka na kuzima, volti 2 na kitu. Kwa hiyo yako imeganda.

Sasa fuata kazi ya kapasita. Transista ya kushoto ikianza kupitisha, kolekta yake huanguka ghafla, na kapasita inayotoka kwenye kolekta hiyo huiburuta beisi ya kulia chini ya sifuri. LED ya kulia inazima. Inakaa hivyo mpaka rezista ya kiloomu 47 iipandishe tena beisi ile, karibu theluthi moja ya sekunde kwa vipuri ulivyotumia, kisha kulia nako kunamfanyia kushoto vilevile. Kapasita isipogusa mahali pake, hakuna kinachoizima transista yoyote.

Chukua kipande cha waya. Upande mmoja uchomeke kwenye hasi ya betri, ule mwingine ugusishe beisi ya kushoto. (Hasi, si chanya! Ukigusisha beisi kwenye chanya, transista utaiunguza, na safari hii utakuwa na sababu ya kuibadilisha.) LED ya kushoto itazima. Usiondoe haraka, hesabu moja, mbili, halafu uachie huku macho yako yakiwa kwenye LED ya kulia. Ikizima kidogo kisha ikawaka, kapasita inayotoka kolekta ya kushoto kwenda beisi ya kulia ni nzima na imeshika. Isipotikisika hata kidogo, hiyo ndiyo yenye tatizo. Rudia kwa kuanzia beisi ya kulia, upime ile ya pili. Kasoro ya kapasita moja tu inatosha kuigandisha saketi yote.

Mimi nazishuku hasa kwa sababu ya pale zilipotoka. Kipuri cha kung'oa huja na miguu mifupi, na mara nyingi tone la risasi ya kulehemu limebaki kwenye ncha. Ndani ya kila tundu la bredibodi kuna kibanio cha chuma, na mguu mfupi hausogei mpaka hapo. Kapasita inasimama wima, inapendeza, na haijagusa kitu. Tone la risasi nalo hupanua kibanio, kisha hata mguu mzuri utakaofuata utalegea. Kwaruza risasi yote, unga mguu kwa waya mwembamba mgumu, au nunua kapasita mpya, ambayo ndiyo njia ninayoipenda zaidi. Kapasita kuukuu za aina hii hukauka ndani hata kama nje zinang'aa. Ukiziweka, mguu wa chanya uelekee kolekta na wa hasi beisi.

Kuna uwezekano mmoja zaidi: pengine ukiachia waya saketi inaanza kupepesa na haiachi. Basi uliiunga sawa, ila ilipowashwa transista zote ziliamka pamoja na hakuna aliyemtangulia mwenzake. Weka swichi ili umeme uingie kwa mara moja badala ya kuparuza waya kwenye betri, na pandisha rezista za beisi ziwe kiloomu 68. Mwendo utapungua kidogo.

SWALI: Osileta yangu ya chipu ya 555 inalia vizuri, ila nikisogeza mkono karibu inakatika, nikiutoa inarudi. Ni uchawi?

JIBU: Angalia mguu wa 4. Naamini umeuacha bila kuunga, na huo ndio mguu wa kuzimia. Ukiachwa hewani unayumbishwa na chochote, mkono wako ukiwemo. Uunge kwenye chanya, pamoja na mguu wa 8. Ukiwa hapo hapo, weka kapasita ya mikrofaradi 0.1 kati ya mguu wa 8 na wa 1, karibu kabisa na chipu, kwa sababu 555 ya kawaida hugugumia mkondo mwingi kwa kitambo kifupi kila inapogeuka. Ikiendelea kukatika baada ya hapo, nitumie volti za mguu wa 4 na wa 8, ulizopima wakati mkono uko karibu.