Deni nililipa, mbona CRB bado naonekana mdaiwa?

SWALI: Mwaka 2023 nilikopa shilingi 3,200 kwa simu. Mama aliugua, nikachelewa kulipa, lakini baadaye nilimaliza deni lote. Juzi nimeomba mkopo wa kununua cherehani, benki ikanikatalia kwa sababu nimeorodheshwa CRB, yaani ofisi inayotunza rekodi za wakopaji. Nifanyeje? — Msomaji, Nakuru

JIBU: Pole sana, dada. Nimeisoma ripoti uliyoiambatisha. Mstari wa mkopo huo unaonyesha siku 97 za kuchelewa, na pembeni yake salio la shilingi 3,200. Siku hizo ni za kweli, kwa maelezo yako mwenyewe. Salio ndilo kosa, na ndilo la kupigania.

Hapa Kenya, mkopo uliopitisha siku 90 bila kulipwa huhesabiwa kuwa mkopo chechefu, na mkopeshaji hutakiwa kumwarifu mdaiwa siku 30 kabla ya kupeleka taarifa hiyo CRB. Ofisi za CRB hazimnyimi mtu mkopo. Hupokea taarifa za wakopeshaji na kuzigeuza kuwa alama, ambazo kwa Metropol, mojawapo ya ofisi hizo, huanzia 200 hadi 900, kisha benki huamua yenyewe. Kwa hiyo mkopeshaji asipopeleka habari kwamba umelipa, alama zako hubaki chini hata kama hudaiwi senti.

Anza kwa mkopeshaji huyo. Mwandikie barua, uambatishe ujumbe wa M-Pesa wa malipo ya mwisho, umtake asahihishe salio na akupe barua ya kuthibitisha kuwa deni limekwisha. Nakala ipeleke kwa CRB iliyotoa ripoti. Kisha angalia rekodi yako katika zile nyingine pia, kwani Metropol, TransUnion na Creditinfo kila moja ina daftari lake, nawe una haki ya ripoti moja ya bure kila mwaka.

Kuhusu zile siku 97, sitakuficha: historia ya kuchelewa hubaki kwa miaka 5 tangu siku ulipomaliza kulipa, na yeyote anayekuahidi kuifuta kwa ada anataka kukuibia. Hata hivyo, tangu kanuni za mwaka 2013, wakopeshaji hupeleka pia taarifa za wanaolipa vizuri, hivyo mkopo mdogo unaoulipa kwa wakati utakupandisha alama polepole. Salio likishasahihishwa, omba ripoti mpya na uirudishe benki pamoja na ile barua, kwa maana afisa wa mikopo hataijua habari hiyo usipompelekea.