Tarehe iliyoniumbua mbele ya watu

Juzi msomaji mmoja kanitumia picha ya bunduki ya kuwindia aliyoachiwa na babu yake. "Kaka, imeandikwa 94. Kweli ni ya mwaka 1894?" Nilicheka, halafu kicheko kikakata. Jibu la swali hilo nililipata kwa aibu.

Bunduki yangu ya kwanza ya zamani ilikuwa Winchester, ile unayoikoki kwa kusukuma mkono wa chini na kuurudisha. Nikaikagua chini ya taa, na pale kwenye ulimi wa chuma nyuma ya nyundo nikasoma: PAT. AUG. 21, 1894. Basi! Usiku ule usingizi haukuja. Kesho yake kila aliyenisalimia aliisikia habari ya bunduki yangu ya 1894.

Nikaibeba hadi kwenye mkutano wa wapenzi wa bunduki za kale, kifua mbele. Mzee mmoja akaipokea, akaifungua kwanza kuhakikisha haina risasi (mimi sikuwa nimefanya hata hilo), akaupitisha mtutu karibu na miwani yake. "Kijana, hii ni tarehe ya hataza. Siku hiyo John Browning, aliyeibuni bunduki hii, alipewa haki ya uvumbuzi wake, na kiwanda kiliendelea kuipiga kwenye chuma miaka na miaka." Kisha kidole chake kikatua kwenye mtutu, penye jina la risasi yake, 30 W.C.F. "Na risasi hii ilitoka 1895. Hiyo bunduki yako ya 1894 ilikuwa inakula nini?"

Walicheka wote. Mmoja alicheka mpaka akakaa chini, na huyo hadi leo hana bunduki hata moja. Sijasahau.

Tangu siku hiyo nasoma chuma kama mtu anayesoma mkataba. Kwenye Winchester hizo, namba ya mfululizo iko chini ya mwili wa bunduki, upande wa mbele. Namba ndiyo inayokupa umri, ingawa orodha zinazozunguka huwa zinapishana miaka. Madaftari mengi ya zamani ya kiwanda yanatunzwa kwenye jumba la makumbusho mjini Cody, Wyoming, Marekani, na ndiyo ninayoyaamini kuliko mdomo wa muuzaji. Muuzaji atakwambia "ni ya kabla ya 64" kwa sababu anajua mwaka 1964 kiwanda kilibadilisha utengenezaji ili kupunguza gharama, na wanunuzi wakanuna. Mwache aseme. Wewe soma namba.

Mwezi uliopita nikalipiza kisasi, kimya kimya. Rafiki alileta Remington, anaapa ni ya kabla ya Vita Kuu ya Pili. Nikatafuta herufi ndogo ubavuni mwa mtutu, karibu na unapoingia kwenye mwili. Miezi yao inafuata neno BLACKPOWDERX: B ni Januari, L ni Februari, hadi X ambayo ni Desemba. Yake ilianza na W, yaani Agosti, na herufi ya pili, ambayo ni ya mwaka, ikaangukia baada ya vita. Alininyang'anya bunduki yake, akaondoka bila kuaga. Mtutu wa Kijerumani ni rahisi zaidi: ukikuta 10 27 kwa chini, ulijaribiwa Oktoba 1927.

Lakini ni mtutu uliojaribiwa! Mtutu hubadilishwa. Kitako hubadilishwa. Watu hutoboa matundu ya darubini na kuapa yalikuwepo tangu kiwandani. Ndugu zangu, acheni kupenda kabla ya kusoma. Na acheni msasa. Mimi nilikwangua kitako changu kikang'aa kama meza ya sebuleni, nikadhani nimekiokoa. Nilichofuta ni miaka ya mikono ya watu, na hairudi. Soma kwanza, usisugue. Wala usiipige risasi hata moja kabla fundi bunduki hajapima chemba, yaani pale risasi inapokaa nyuma ya mtutu, maana kuna waliozichonga upya kwa risasi nyingine wakaacha maandishi ya zamani.

Yule msomaji nilimjibu kwa upole. Kwenye picha yake mtutu unasema MODEL 94, si MODEL 1894, na risasi imeandikwa 30-30 WIN., maandishi yaliyokuja baadaye, kwa hiyo bunduki si ya zamani kama anavyotamani. Nikamwomba picha ya chini, penye namba. Kanitumia nyingine, ameiweka begani, anatabasamu.