Mnauliza watu wako wapi: majibu yangu kuhusu Carmel

Tangu nianze kutuma picha za Carmel kwenye kundi letu la familia, maswali ni yale yale. Mdogo wangu anauliza mbona hakuna maghorofa marefu, hii kweli ni Marekani? Shangazi anauliza kama nyumba zote hizo zina wenyewe, maana haoni mtu hata mmoja nje. Na binamu zangu wawili wanaojiandaa kuja wanataka kujua jambo moja tu: ni kuzuri kweli, au ni picha? Nawajibu wote kwa pamoja, na sitaficha yanayouma.

Ni kuzuri kweli. Carmel ni mji mdogo katika jimbo la Indiana, umegusana na Indianapolis kwa upande wa kaskazini. Sensa ya 2020 ilihesabu watu 99,757, wakati mwaka 1990 walikuwa kama 25,000 tu. Kwa hiyo karibu kila mnachokiona kwenye picha zangu ni kipya. Hapa hakuna bahari, hakuna mlima, ardhi ni tambarare mwanzo mpaka mwisho, na sehemu kubwa ilikuwa mashamba ya mahindi na soya. Ukiendesha gari kidogo tu kuelekea kaskazini unayakuta mahindi yenyewe. Uzuri huu haukutokana na mandhari. Kuna watu waliketi wakaupanga, wakakopa fedha wakaujenga.

Meya aliyesimamia kazi hiyo anaitwa James Brainard, aliyekaa madarakani kuanzia 1996 hadi mwisho wa 2023. Miji mingi ya pembezoni mwa majiji ya Marekani haina katikati. Ni nyumba, barabara pana, maduka makubwa yaliyozungukwa na maegesho, kisha nyumba tena. Carmel waliamua kujitengenezea katikati yao. Barabara ya zamani, Main Street, ikawekwa maduka ya sanaa na mikahawa, na kando yake wakasimamisha sanamu za shaba za mchongaji Seward Johnson, watu wa kawaida kabisa wenye kimo cha mtu halisi. Mara ya kwanza unaweza kumpisha mmoja ukidhani anapita. Kusini yake kidogo likajengwa jumba la muziki, Palladium, lenye viti 1,600 na kuba juu, likafunguliwa Januari 2011. Limegharimu zaidi ya dola milioni 100. Na katikati ya hapo, majengo ya matofali ya ghorofa nne tano, maduka chini, watu wanaishi juu. Hayo ndiyo maghorofa yetu, mdogo wangu. Ya kugusa mawingu yako Indianapolis, na hata huko si mengi kama unavyofikiri.

Deni la mji limevuka dola bilioni 1, na kila uchaguzi wa meya jambo hilo hurudi mezani. Kuna wazee hapa wanaokumbuka Carmel ya mashamba na hawaoni sababu ya mji mdogo kuwa na jumba la muziki la namna ile. Mimi nawaelewa, ila naona walichokinunua ni cha thamani: mahali ambapo mtu anaweza kushuka kwenye gari, akatembea, akakutana na mwingine. Kwa miji ya aina hii, hicho ni kitu adimu sana.

Sasa vipilefti, ile mizunguko ya barabarani inayokaa mahali pa njia panda. Mmeviona kwenye video mkadhani nazunguka palepale. Carmel ina vipilefti zaidi ya 150, na hakuna mji mwingine Marekani uliovifikia. Brainard aliviona Uingereza alipokuwa mwanafunzi, akaja kuondoa taa za barabarani moja baada ya nyingine. Mji huu huu, katika miaka ya 1920, ulikuwa miongoni mwa ya mwanzo nchini kufunga taa ya barabarani inayojiendesha yenyewe, na leo taa zilizobaki ni chache mno. Sababu yake ni nzuri. Kwenye kipilefti lazima upunguze mwendo, na gari haliwezi kuligonga lingine ubavuni kwa kasi kama inavyotokea njia panda dereva akipita kwenye nyekundu. Wanaoumia wanapungua. Na foleni hakuna, kwa sababu magari hayasimami, yanapungua mwendo tu kisha yanaendelea.

Lakini mimi navipenda kwa macho. Katikati ya kila kimoja wamepanda kitu: maua, nyasi ndefu, miti midogo, kwingine wameweka sanamu. Ukitoka kazini umechoka, unapita bustani moja baada ya nyingine bila kusimama hata mara moja. Binamu, ninyi mmezoea gari kupita kushoto. Huku ni kulia, kwa hiyo mzunguko ni kinyume cha mshale wa saa, na anayeingia anampisha aliye ndani. Hilo mjifunze kabla ya mengine yote.

Shangazi, nyumba zina wenyewe, na zimejaa. Hivi ndivyo siku inavyokwenda. Gereji imeungana na nyumba. Mtu anatoka jikoni anaingia gereji, anapanda gari, anabonyeza kitufe mlango unafunguka, anaondoka, mlango unajifunga. Jioni ni hivyo hivyo kwa kurudi. Unaweza kuishi mkabala na mtu mwaka mzima ukajua rangi ya gari lake vizuri kuliko sura yake. Si kwamba ni wabaya. Mkikutana wanasalimia, wanapunga mkono, theluji ikianguka jirani anaweza kukusafishia njia ya gari bila kuombwa. Ila hakuna kupitiana. Kumtembelea mtu ni jambo la kupanga, pengine wiki mbili kabla, na watoto nao huchezeshana kwa miadi ya wazazi.

Nyumba zenyewe hazina ukuta kwa mbele. Nyasi zinatoka mlangoni mpaka barabarani, zimekatwa usawa mmoja mtaa mzima, na usawa huo haujitokei. Mitaa mingi ina chama cha wenye nyumba, unalipa ada, na chama kina masharti: rangi ya nje, aina ya uzio, hata pipa la takataka lisikae mbele ya nyumba baada ya siku ya kuzolewa. Huwezi kufuga kuku, huwezi kufungua genge barazani. Mnapoona picha na kusema "mtaa umenyooka", kilichounyoosha ni masharti hayo. Mama angekuwa hapa angeuliza mboga zinapandwa wapi, na jibu ni nyuma ya nyumba, pale wapita njia wasipopaona, chama kikiruhusu.

Kwa hiyo watu wako wapi? Wako Monon. Hiyo ni njia ya zamani ya reli, Monon Railroad, ambayo treni zilipokoma iling'olewa vyuma ikawa njia ya waenda kwa miguu na baiskeli. Inaupasua mji kati kwa kati kutoka 96th Street hadi 146th Street, kama kilomita 8, na upande wa kusini inaendelea hadi ndani kabisa ya Indianapolis. Nendeni pale jioni ya Juni, wakati jua linazama baada ya saa tatu usiku. Utaona wazee wa Kihindi wakitembea wawili wawili mikono nyuma, kina mama wa Kichina na vigari vya watoto, vijana wa shule wamekaa kwenye nyasi, wakimbiaji, mbwa wa kila namna. Katika eneo la Midtown kuna uwanja wenye skrini kubwa na viti, watu wanakaa tu hapo, hawaulizwi wananunua nini. Hapo Carmel inakuwa mji. Jumamosi asubuhi kwenye msimu wa joto, soko la wakulima linajaa mbele ya Palladium, na kuanzia Novemba uwanja huo huo unageuka soko la Krismasi la mtindo wa Kijerumani, ambalo wamelianzisha 2017, na barafu ya kuteleza kwa viatu vya chuma.

Uzuri huo, hata hivyo, una mpaka, na mpaka wenyewe una jina: 96th Street. Kusini yake ni kaunti ya Marion, yaani Indianapolis. Kaskazini ni kaunti ya Hamilton, yaani sisi. Mabasi ya IndyGo ni ya kaunti ya Marion, hayafiki huku. Asiye na gari Carmel hana miguu. Na nyumba nyingi zinauzwa zaidi ya dola 400,000, kwa hiyo wengi wanaopika kwenye mikahawa ile ya Main Street, wanaohudumia wazee majumbani, wanaokata hizo nyasi, hawaishi hapa. Wanaingia asubuhi na kutoka jioni. Watu weusi ni wachache, na Waswahili wenzangu karibu wote wako Indianapolis. Hili linaniuma kusema, maana naupenda mji huu: uliwekewa bustani katikati ya vipilefti kabla ya kuwekewa kituo cha basi kwa ajili ya mtu anayeosha vyombo.

Baridi nisiipitie kwa haraka kama wanavyofanya wengine wakiwapigia simu. Desemba jua linazama saa kumi na moja na dakika ishirini jioni. Januari miti yote ni mifupa, nyasi zimekuwa kahawia, Monon inabaki na wakimbiaji wachache wenye moyo. Kipindi hicho mji wenye watu wa kutosha unakubeba. Mji wa magereji haukubebi, lazima ujibebe mwenyewe, na ndiyo maana nawapigia simu sana miezi hiyo.

Shangazi, njoo kati ya Mei na Oktoba. Oktoba yenyewe majani yanageuka rangi, nitakutembeza polepole, na viti vya kupumzikia njiani vipo.

Binamu zangu, mwenye watoto wa shule na kazi imara anaweza kufikiria Carmel. Sekondari yao ina zaidi ya wanafunzi 5,000, na timu yake ya wasichana ya kuogelea imechukua ubingwa wa jimbo kila mwaka tangu 1987. Ninyi ni wawili, hamna watoto, hamna leseni ya udereva ya jimbo, hamjui mtu zaidi yangu. Msianzie huku. Tafuteni chumba Indianapolis, karibu na Red Line, basi la mwendo kasi lililoanza 2019, muwe na watu wa kuzungumza nao na namna ya kufika kazini. Kituo cha Broad Ripple kiko jirani na Monon. Baiskeli mbili za mitumba zinatosha, na Jumamosi mtapanda moja kwa moja mpaka kwangu, chakula kitakuwa tayari.