Intani, wekeni kisu chini kwanza

Jumapili usiku nimemkuta intani, daktari aliye mafunzoni, keshavaa glavu, keshapaka iodini ubavu wa kushoto, anataka kumtia mgonjwa mpira wa kifua, wa kutolea hewa na maji. Nikamwambia, "Mwanangu, weka chini." Akanuna. Na anune.

1. Mgonjwa hapumui vizuri, anatapika, eksirei ina hewa juu na maji chini upande wa kushoto: muulizeni kama aliwahi kuanguka. Si jana tu, hata miaka mitano nyuma. Hapa Pemba mtu akianguka mkarafuu akainuka mwenyewe, kwake hiyo si ajali.

2. Hili langu. Nilimpokea kijana wa hivyo hivyo. Nikaandika "hewa na maji kifuani", nikapiga mstari chini kwa madaha, nikatia mpira. Chupani yakaingia maji ya kijani, na nyuma yake punje za wali. Sista wa zamu akainama, akaitazama chupa, akasema taratibu, "Daktari, huu si wali?" Nilikuwa nimetoboa mfuko wa chakula, uliopanda kifuani kwa tundu la kiwambo, ule ukuta wa msuli baina ya kifua na tumbo, uliopasuka alipoanguka. Mama yake alikuwa barazani. "Si alianguka mkarafuu mwaka juzi? Wakampiga picha, wakasema mbavu tu." Nilishampita mama yule mara tatu bila kumuuliza kitu.

Usiku ule ule mkubwa wangu akafungua kifua, maana baada ya miaka miwili kila kitu kilikuwa kimegandana na pafu. Akaziba nilipotoboa, akarudisha mfuko na utumbo chini, akashona kiwambo kwa uzi usioyeyuka. Hakunisema hata neno. Usaha wa kifua ukamweka kijana wodini wiki tano. Kila asubuhi nikimsafisha kidonda, naye ananiambia, "Ahsante, daktari." Bora angenitukana.

3. Kwa hiyo tieni kwanza mpira wa puani, ule unaoshuka hadi mfuko wa chakula, kisha rudieni eksirei. Ncha ikijikunja kifuani, jibu mnalo.

4. Mashine ya kupumulia husukuma chini vilivyopanda kifuani, picha ikaonekana safi. Mkishamtoa mgonjwa mashineni, pigeni nyingine.

5. Kulia ini huziba njia, ndiyo maana kushoto ndiko vitu vya tumbo hupanda zaidi. Na tundu dogo lisiwahadae: Ambroise Paré wa Ufaransa aliandika mwaka 1579 habari za askari aliyepigwa risasi, akafa miezi minane baadaye, utumbo umenaswa kwenye tundu la ncha ya kidole cha mwisho.

Mgonjwa wa Jumapili? Ncha ya mpira wa puani ilishuka mpaka tumboni, pahala pake. Intani akatia mpira wake wa kifua saa saba usiku, ukatoka usaha mtupu. Mpaka leo hanisalimii.