Kubadilisha skrubu za nyota kwenye kava za injini ya pikipiki ya zamani

Ukiwa mgeni kwenye ufundi na ukaletewa Honda, Yamaha au Suzuki ya miaka ya 1970 au 1980, tazama kwanza skrubu za kava ya klachi na kava ya magneti. Ni za nyota, za M6, na nyingi zitakuwa zimeliwa vichwa. Watu huzilaumu skrubu, ila kosa kubwa ni la bisibisi. Skrubu hizo ni za kipimo cha Kijapani, JIS. Nyingi zina kitone kidogo pembeni mwa ule msalaba. Bisibisi ya Phillips, yaani ya nyota ya kawaida, haizami mpaka chini ya tundu lake, kwa hiyo ukiizungusha kwa nguvu inapanda juu na kukwangua kingo.

Kuzitoa kunataka subira. Mwaga oili, safisha mchanga ndani ya kila tundu la nyota, tia mafuta ya kulegeza kutu na uyaache usiku kucha. Kisha tumia bisibisi ya kugonga, ile inayojizungusha ikipigwa nyundo, yenye ncha namba 3 inayokaa sawasawa: iweke wima, igeuzie upande wa kufungua, piga nyundo pigo moja zito. Vipigo kumi vyepesi vinaharibu kichwa bila kulegeza kitu. Kichwa kikishakwisha kabisa, kitoboe mpaka kikatike, vua kava, halafu ung'oe kipande kilichobaki kwa vaisigripi (koleo ya kujifunga). Mara nyingi hutoka kwa urahisi, kwa sababu kilichokuwa kinakibana ni kichwa.

Kila skrubu ikitoka, ichomeke papo hapo kwenye kipande cha boksi ulichochorea umbo la kava, kila moja mahali pake. Usiruke hatua hii. Kava moja inaweza kuwa na skrubu za urefu wa aina tatu au nne, na ukizichanganya ndipo injini inapopasuka: ndefu ikiingia kwenye tundu fupi inagota chini, wewe unadhani bado haijakaza, unaongeza nguvu, alumini inapasuka. Fupi nayo inashika meno machache na kuyang'oa.

Pima kila skrubu kuanzia chini ya kichwa hadi ncha. Badala yake nunua bolti za alenki, zenye tundu la pembe sita kichwani, za M6, nafasi ya jino hadi jino milimita 1, zinazofunguliwa kwa ufunguo wa milimita 5. Zile zenye kichwa cha mviringo kama kifungo ziache. Zinatumia ufunguo wa milimita 4 na tundu lake halina kina, utarudi kwenye tatizo lile lile. Ukikuta skrubu ya milimita 28 na dukani kuna 25 na 30, chukua 30 na uweke washa ya kuziba tofauti. Ndani ya alumini meno yashike angalau milimita 9, na 12 ni bora zaidi. Kichwa cha alenki kimeinuka kuliko cha zamani, kwa hiyo hakikisha hakigusi pedali ya gia wala cheni.

Stenlesi inapendeza na haishiki kutu yenyewe, lakini ikikutana na alumini na maji, hasa ya chumvi kama pwani, alumini ndiyo inayolika. Utaona ungaunga mweupe kwenye meno, na bolti inakwama kama imechomelewa. Paka meno grisi ya shaba kidogo kabla ya kufunga. Kwa breki, ekseli na sproketi usiweke stenlesi ya kawaida hata kidogo. Fuata kiwango cha nguvu alichoweka mtengenezaji.

Sasa jambo ambalo wengi hawaambiwi. Skrubu ya nyota iliyokazwa kupita kiasi huteleza kichwani, na kuteleza kule kulikuwa kunayalinda meno ya injini. Alenki haitelezi. Nguvu yako yote inashuka kwenye alumini ya miaka arobaini, na hasara inahama kutoka skrubu ya bei ndogo hadi kwenye injini yenyewe. Kaza Newton-mita 8 hadi 10. Ukiwa umepaka grisi, baki kwenye 8. Kama huna spana ya kupimia nguvu, shika ufunguo kwa mkono wake mfupi, usitumie ule mrefu wala bomba.

Kabla ya kukaza, chomeka bolti zote bila kuzizungusha na uzitazame kwa pembeni. Kwa kawaida vichwa vyote hubaki nje kwa kimo kimoja. Kinachozidi au kupungua kimekosea tundu. Zianze zote kwa vidole, kisha kaza kwa kupishana, mzunguko wa kwanza nusu nguvu. Injini ikishapata moto na kupoa, zipitie tena.

Meno yakiwa yameshakwenda, usihangaike na gundi wala bolti nene. Toboa tundu, pitisha tepu yake maalumu (kifaa cha kukata meno) na uweke koili ya chuma ya M6. Itashika vizuri kuliko alumini ya mwanzo.