Monita za chogo usimpe wa chuma chakavu

Dada uliyeuliza upeleke wapi kompyuta za zamani za steshenari yako: monita za chogo, zile nene za kizamani, usimpe kijana wa chuma chakavu, nakuomba. Atavunja apate shaba, na kioo kile kina madini ya risasi, ambayo ni sumu. Mvua ikinyesha yanaingia mto Mirongo, Mirongo unamwaga Ziwa Victoria, na maji ya bomba tunayatoa ziwa hilohilo. Nyaya nazo zikichomwa, moshi wake ni sumu.

Waone NEMC (baraza la taifa la mazingira) Kanda ya Ziwa, wapo hapahapa Mwanza, wakuelekeze kwa mkusanyaji mwenye kibali. Kompyuta ambazo bado zinafanya kazi mpe fundi au shule. Ila toa hadidiski kwanza, kile kifaa cha ndani kinachotunza mafaili! Kufuta mafaili hakutoshi, vitambulisho vya wateja ulivyoskani vinaweza kurudishwa.