Kwa nini USS Guam haikushusha mashua Mogadishu?

SWALI: Shikamoo mhandisi. Mimi ni fundi mitambo hapa bandari ya Mombasa. Nimesoma kwamba Januari 1991 meli ya kivita ya Marekani, USS Guam, iliokoa watu Mogadishu kwa helikopta. Kama ni meli ya kushusha askari pwani, mbona haikutumia mashua? Helikopta zilipataje mafuta ya safari yote ile? Na meli yenyewe iliishia wapi?

JIBU: Marahaba, fundi. Guam haikuwa na mlango wa nyuma (tezi) wala ghala la kuingiza maji ili mashua zitoke zikielea. Ilikuwa ya kundi la Iwo Jima, meli za kwanza za Marekani zilizobuniwa tangu mwanzo kushusha askari kwa helikopta. Ilikuwa na urefu wa mita 180 hivi, sitaha tambarare juu, karakana ya ndege chini yake, na lifti mbili za kupandishia ndege. Wewe fundi hili litakugusa: boila mbili, tabo (turbini) moja ya mvuke, rafadha (pangaboi) moja tu. Ikikwama hiyo, hakuna ya akiba.

Mwenzake siku ile, meli ya USS Trenton, alikuwa na mlango huo. Lakini mashua zisingefaa. Mji ulikuwa vitani, na ubalozi wa Marekani ulikuwa umeshahama kutoka karibu na bahari hadi ndani ya mji. Ramani walizokuwa nazo melini mwanzoni zilionyesha mahali pa zamani. Fikiria askari wangeteremka ufukweni na kuanza kupigana mtaa kwa mtaa kutafuta jengo lisilokuwepo!

Sasa mafuta. Meli zilitoka upande wa Oman zikikimbia kusini, lakini hali ya ubalozini haikungoja. Kabla ya alfajiri ya tarehe 5 Januari, zikiwa bado maili 466 za baharini kutoka Mogadishu, yaani zaidi ya kilomita 860, helikopta mbili kubwa za CH-53E ziliruka kutoka Trenton na askari 60. Hizi zina mrija mrefu puani. Ndege ya mafuta ya KC-130 hutangulia ikiburuta mpira wenye kikapu mwishoni, na rubani wa helikopta husogea taratibu hadi mrija uingie kikapuni. Walifanya hivyo mara mbili, gizani, juu ya Bahari ya Hindi. Katika helikopta moja bomba lilipasuka, mafuta yakawarukia askari waliokaa ndani. Waliendelea na safari. Walipofika, watu wenye silaha walikuwa wameshaleta ngazi ukutani mwa ubalozi. Mngurumo wa helikopta ukawatawanya.

Helikopta za Guam, CH-46, ni ndogo na hazikuwa na mrija huo. Ndiyo maana ilibidi meli yenyewe isogee karibu na pwani kwanza. Usiku wa kuamkia tarehe 6 zikaenda kwa mafungu manne, tano kila fungu, marubani wakivaa miwani ya kuonea gizani. Kabla ya mapambazuko kazi ilikwisha: watu 281 wa mataifa 30, akiwemo balozi wa Muungano wa Kisovieti. Wakashushwa Muscat, mji mkuu wa Oman, tarehe 11. Kwangu mimi, huu ndio ukurasa bora wa maisha ya meli hii, ingawa wengi huitaja kwa uvamizi wa Marekani kisiwani Grenada 1983, ilikokuwa meli ya kamanda.

Iliingia kazini Januari 1965. Septemba 1966 iliwaopoa wanaanga wa chombo cha anga cha Marekani, Gemini 11, katika Atlantiki, na miaka ya 1970 ikajaribiwa kubeba ndege za kivita za Harrier. Ilistaafu Agosti 1998, na tarehe 16 Oktoba 2001 ikazamishwa kama shabaha ya mazoezi. Trenton yeye bado yumo kwenye bahari yetu: India ilimnunua, na tangu 2007 anaitwa INS Jalashwa.